Kiboko na Kodi ya Miambani

Hapo zamani za kale, zamani hasa, nyie wote hapo haijulikani hata kama mtazaliwa, Kiboko alikuwa mwenye nyumba katika mji wa Mtopeni, kando ya mto. Kaeni vizuri! Hii hakuna anayeisimulia kama mimi, na anayebisha anyooshe mkono tumwone.

Haya. Nguchiro alipanga chumba kimoja kwa Kiboko. Kodi ilikuwa debe moja la mahindi kwa mwezi. Mkewe alikuwa amejifungua watoto wanne, hata macho hawajafumbua.

Asubuhi moja, ngo! ngo! ngo! Mlango ukataka kung'oka.

"We kijana! Kuanzia mwezi ujao, madebe matatu!"

"Matatu? Mzee Kiboko, si debe moja jamani?"

"Huko Miambani, mlimani, chumba kama hiki ni madebe matatu. Mimi mjinga gani nichukue moja? Huna, toka. Na vitoto vyako ubebe."

Akaondoka, ardhi inatikisika, ndi! ndi! ndi!

"Baba watoto," mkewe akasema, machozi yanamlengalenga, "mvua hizo zinakuja. Tutawapeleka wapi hawa?"

"Tulia, mama. Kwanza nikauone huo mji. Chumba kinakula madebe matatu, na watu bado wanaishi? Wanaishije?"

Maana Nguchiro alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Akapanda mlima, chapu chapu, akamkuta Bi Pelele, mnyama mdogo wa majabalini, anaota jua mbele ya pango lake.

"Shikamoo, bibi. Eti hapa chumba ni madebe matatu?"

"Marahaba. Matatu, mwanangu, tena miezi sita kwa mkupuo."

"Kwa nini?"

"Mafuriko hayafiki huku."

"Na kuna nafasi?"

"Liko pango la vyumba kumi, mlango wake umezibwa na jiwe. Atakayelisukuma, pango lake. Sisi na vimikono hivi tutaliweza wapi!"

"Na chakula?"

"Majani, bwerere."

"Na maji?"

Bi Pelele akacheka, kwi kwi kwi. "Maji? Ukoo wa kobe ndio wanaoyapandisha kutoka bondeni. Dumu moja, debe moja la mahindi."

"Duh! Sasa mnaogaje?"

"Nani anaoga? Tunajigaragaza vumbini, tunajikung'uta, basi."

Sharubu za Nguchiro zikaanza kucheza. Nyie mshajua? Hamjajua lolote, sikilizeni.

Aliporudi, alimkuta Kiboko kajilaza mtoni, pua tu ndizo zinaonekana.

"Umetoka Miambani? Umeona?" Kiboko akamkoromea.

"Nimeona, Mzee. Ni matatu kweli, sikubishii. Tena wanalipa miezi sita kwa mkupuo."

Kichwa kikaibuka, pwaa! "Miezi sita?"

"Na kuna pango la vyumba kumi linamsubiri mwenye nguvu, asukume jiwe tu. Mimi ningekuwa na kifua kama chako, Mzee, ningekuwa huko saa hii."

Kiboko akapiga hesabu mpaka masikio yakazunguka. Akaulizia vyumba, akaulizia wapangaji, akaulizia njia. Maji hakuuliza. Tangu azaliwe hajawahi kununua maji, angeuliza bei yake kwa nini?

"Na nyumba zangu hizi?"

"Mwachie mtu azilinde. Ila mlinzi hulipwa, Mzee."

"Kulipwa?" Kiboko akanuna. "Wewe ndiye utalinda. Na mshahara wako ni chumba hicho hicho, kaa bure."

"Mpaka lini?"

"Mwaka mzima! Mimi huku nirudi kufanya nini?"

"Basi tuseme mbele ya mjumbe."

Mjumbe wa mtaa alikuwa Chura. Akawasikiliza wote wawili, akavimbisha koo. "Kro! Mwaka mzima, bure. Nimeshuhudia."

Kiboko akapanda mlima, hu! ha! hu! ha! Akalisukuma jiwe kwa bega, gubu! gubu! gubu, likaporomoka. Pelele wakashangilia, wakahamia, wakalipa. Vyumba kumi, madebe matatu, miezi sita: madebe mia na themanini! Kiboko akalala juu ya mahindi kama sultani.

Saa sita mchana jua likasimama kichwani. Ngozi ikaanza kukakamaa, ka! ka! ka!

"Maji! Nileteeni maji!"

"Debe moja, mzee," kobe akasema taratibu.

Akamwagiwa dumu. Likalowa sikio moja.

"Leteni ishirini!"

Wakaleta ishirini. Kesho ishirini. Keshokutwa ishirini. Siku ya tisa Kiboko akapapasa chini ya tumbo lake: punje moja haipo! Na wapangaji hawadaiwi tena mpaka miezi sita ipite.

Alivyoshuka ule mlima, acheni tu. Mbio, vumbi, miti chali!

"Nguchiro! Umenidanganya!"

Nguchiro alikuwa mlangoni, anawafundisha watoto kutembea. "Chumba hakikuwa madebe matatu?"

"Kilikuwa!"

"Hawakulipa?"

"Walilipa!"

"Sasa uwongo uko wapi?"

"Hukuniambia bei ya maji!"

"Hukuniuliza, Mzee wangu."

"Toka nyumbani kwangu, sasa hivi!"

"Kro!" ikasikika mateteni. "Mwaka mzima, bure. Nilishuhudia."

Mtaa mzima ukaangua kicheko, hata kambare majini. Kiboko akajitupa mtoni: chubwiii! Ngozi ikalainika. Akakaa humo mpaka jua likapungua. Kisha pua zikaibuka.

"We Nguchiro."

"Naam, Mzee."

"Hivi huko Miambani, ukiacha maji, kuni nazo wanauzaje?"

Na nyie, mkisikia mji fulani una nyumba za bei hii au ile, msihamishe hata kijiko kabla hamjauliza bei ya kila kitu kingine.