Jina la Utando

Hapo zamani, wala si zamani za mbali, maana umeme ulikuwepo na kukatika ulikuwa unakatika, paliishi Kidawa, mtunza seli katika maabara moja ya mjini. Kazi yake ilikuwa kulisha visivyo na mdomo.

Siku moja akaletewa kinyama kadiri ya punje ya mchele. Kilitolewa kwenye utumbo wa Siwatu, fundi cherehani aliyeugua miaka sita. Ukuta wa utumbo wake uliwaka na kuvuja. Yasiyotakiwa kupita yalipita. Akila maharage, analia. Alikuwa keshapangiwa siku ya kukatwa utumbo.

Kidawa akazilisha seli za kinyama kile. Akazilisha Jumatatu, akazilisha Jumatano, akazilisha hata Idi, pilau la kwao wakala wengine. Zikakua, zikatanda juu ya kichujio, zikawa utando: ukuta wa Siwatu, nje ya Siwatu.

Daktari Mbwilo, mtafiti wa maabara ile, akatia dawa juu ya utando, akamimina rangi. Rangi ikapita chini, ndiyo kusema ukuta bado unavuja. Akatia dawa ya pili, ikapita. Akatia ya tatu, ikapita. Loo!

Mara umeme ukakatika, jenereta likagoma, kabati la joto la kutunzia seli likaanza kupoa. Kidawa hakuuliza mtu. Akazifunga chupa za seli tumboni kwa kanga, akakaa nazo muda wa saa tano, hajala, hajainuka.

"Mama kijacho!" wenzake wakamtania.

"Chekeni," akawajibu, "ila asinisukume mtu."

Umeme ukarudi, seli zi hai. Kidawa akaotesha utando mwingine. Mbwilo, kwa haraka zake, akaitia dawa ya nne chini ya utando badala ya juu. Akamimina rangi. Rangi ikabaki juu! Mwingine angemwaga kila kitu kuficha aibu. Yeye akaita watu: "Jamani nimekosea, njooni mwone!" Akalirudia kosa lake mara tatu, na mara tatu ukuta ukaziba.

Dawa ikakaguliwa, Siwatu akachomwa sindano badala ya kukatwa, dawa iufikie ukuta kwa chini, upande wa damu. Mwezi wa nne baada ya sindano akala maharage, akaomba tena.

Sasa maabara ile ilikuwa na desturi. Utando ukifaulu hupewa jina la mtu mmoja tu, na mwenye jina ndiye wa kusema nani apewe seli zake. Hospitali kumi zilikwisha kuomba.

Siwatu akasema, "Ni nyama yangu. Wagonjwa wenzangu nitawapa wote, ila wa kuifanyia biashara, hapati."

Mbwilo akasema, "Bila kosa langu bado ungekuwa unavuja, dada. Nami nitampa kila aombaye, simbagui mtu. Wagonjwa wanangoja."

Kidawa akasema, "Bila tumbo langu msingekuwa na cha kukosea. Asiyejua kulisha simpi, zitamfia." Miaka kumi na tisa amelisha, hakuna hata chupa moja yenye jina lake, na jina lile alilitaka hasa.

Mkuu wa maabara akawasikiliza, akajikuna kidevu. Kisha akamkabidhi Kidawa lebo tupu na kalamu. "Andika wewe. Mwandiko wako ndio unasomeka."

Kidawa akaishika kalamu. Akamtazama Siwatu, akamtazama Mbwilo, akalitazama tumbo lake.

Haya, nyinyi mliokaa kimya. Kalamu hiyo, shikeni. Mngeandika jina la nani?