Dengu ya Mwalimu Naftali

Siku ya kupiga kura, chumbani mwa walimu walikuwapo hawa: Mwalimu Mkuu Eliamani Mbwambo, aliyeshika kofia yenye vikaratasi, Bi Damaris Kaniki wa sayansi, aliyeleta picha, Mwalimu Yona Mrutu, na Mwalimu Naftali Shekiondo, kaka wa mke wa Yona. Hakuwapo mwingine.

Picha ilikuwa ya kundi la galaksi, miji ya nyota iliyokaa pamoja angani kama ukoo mmoja. Kila mwalimu angeeleza mbele ya wazazi galaksi moja aliyoiokota kwenye kofia, na jina lake lingebandikwa chini yake. Yona akaokota yenye mikono iliyojikunja kama maji yaliyokorogwa, imejaa nyota changa za buluu. Naftali akaokota duara bapa lililotuna katikati, lisilo na mkono hata mmoja. Bi Damaris akasema umbo lile ni la dengu: gesi yake ilipeperushwa ilipokuwa ikipita kati ya wenzake, na sasa karibu haizai nyota mpya.

"Shemeji, wewe umepata mboga," Yona akamtania.

Wakacheka. Naftali naye akacheka, huku akiwaza. Yona ndiye mwenye sauti, Yona ndiye mwenye kwaya, Yona ndiye anayesalimiwa kwanza sokoni. Sasa hata mbinguni amependelewa?

Majuma mawili Naftali alisimama mbele ya picha ile kila mapumziko, macho yakiwa kwenye galaksi ya shemeji yake. Jumatano, siku ya wazazi, kabla ya kengele, alibandua vibandiko viwili vya majina na kuvibadilisha.

Yona alipoona jina lake chini ya dengu alisogea karibu na picha. Kisha akaieleza, na ukumbi ukatulia. Alisema nyota zake ni kongwe, zina rangi ya makaa. Imenyang'anywa, na bado inawaka. Aliyajuaje? Alikuwa amejifunza kwa Bi Damaris ili amsaidie shemeji yake, ambaye hakumwona akifungua daftari hata mara moja.

Ikaja zamu ya Naftali. Mama mmoja akauliza, "Mwalimu, hiyo mikono ni mingapi?"

Naftali hakujua. Majuma mawili ya kuitazama, na hakuwahi kuihesabu.

Yona akamwinamia sikioni. "Miwili, shemeji. Sema miwili."

Ndugu zangu, nani kati yetu atamcheka Naftali? Mwenye wivu hukodoa macho mchana kutwa, na haoni. Sisi tunajua madirisha ya nyumba ya jirani. Je, tunajua kama jirani anaumwa? Na dengu yetu, ile tuliyopewa, nani ameisoma? Tunaiacha ukutani, halafu tunalalamika kwamba Mungu hakutupa kitu.

Naftali aliona aibu, hilo tumhesabie. Alikusudia kuomba radhi Jumapili baada ya ibada, watu wakishatawanyika, maana mbele ya watu aliona uzito. Sisi nasi tuna Jumapili zetu za namna hiyo. Vibandiko havijarudishwa mahali pake hadi leo.

Mwalimu Yona Mrutu alifariki Ijumaa.