Nani Alimtoa Saumu Ndani?

Siku doti ya kanga ilipowekwa mezani, waliokuwapo ni hawa: Saumu, bi harusi aliyetoka Pangani; Shaame, mumewe, mwoka mikate; Bibi Hedwig, mjane wa Kijerumani mwenye nyumba waliyopanga; Nurhan, mwanamke wa Kituruki mwenye kiduka cha kushona nguo na viatu ng'ambo ya barabara; na Shangazi Mkasi, ambaye mwili wake ulikuwa Pangani lakini uso wake ulikuwa pale jikoni, ndani ya simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari.

Sasa sikilizeni, wakubwa kwa wadogo, maana kesi hii nawaachia ninyi. Bibi Hedwig alijaliwa kuzijua njia. Nurhan alijaliwa mikono. Shangazi Mkasi alijaliwa ulimi. Saumu hakujaliwa hata kimoja katika hivyo. Alikuwa na upweke tu.

Ndoa yake ilifungwa kwa wakala. Shaame alikuwa kazini Ujerumani, kaka yake akaketi mbele ya shehe kwa niaba yake, na Saumu akawa mke wa mtu aliyemjua kwa sauti ya simu. Alipofunga sanduku kumfuata, mama yake aliweka doti mpya juu ya nguo zake.

"Hii si yako," alimwambia. "Ni ya somo wako. Huko hutamkosa mwanamke wa kwetu wa kukushika mkono, akuingize kwa mumeo, akutunze siku zote za fungate, kisha akutoe nje. Huyo mvalishe. Somo wa ndoa ni mmoja tu, na ndiye mama yako mahali nisipofika mimi. Siku ya kuzaa, huyo ndiye utakayemwita."

Saumu alifika mwanzoni mwa kiangazi katika kijiji kidogo kilichozungukwa na mashamba ya matufaha. Mwanamke wa kwao hakuwapo hata mmoja. Basi akaingia chumbani, akafunga mlango, akamngoja somo, kwa sababu alivyofundishwa, bi harusi hamwendei mume kwa miguu yake mwenyewe. Shaame naye aliuona ule mlango, akadhani hapendwi. Akawa analala kitini, jikoni. Alfajiri alikwenda kuoka mikate, na aliporudi aliweka mkate wa moto nje ya mlango, akagonga kidogo, kisha akaondoka haraka ili mkewe asione haya kuuchukua.

Saumu aliula mkate ule dirishani, akiwatazama kondoo wa jirani. Alizisikia hatua za mumewe zikirudi jikoni. Alitamani zisimame. Siku moja aliandika kwenye kikaratasi akakipitisha chini ya mlango: "Nirudishe kwetu."

Shaame alikwenda kwa Bibi Hedwig kuuliza habari za ndege, na machozi yakamtoka mbele ya mwanamke wa watu. Bibi Hedwig hakumuuliza mengi. Alimwekea kahawa, akafungua ramani kuukuu iliyochakaa kwenye mikunjo.

"Umepata likizo?" alimuuliza.

"Wiki moja."

"Basi ndege ingoje. Mimi na Otto wangu tulipooana hatukujuana vizuri vilevile. Tulitembea. Mkitembea, hamlazimiki kutazamana usoni."

Alimwonyesha njia inayofuata mto, inapita msitu wa misonobari, inatokea kwenye malisho. Hakuwapangia mwendo wa kukimbizana. Kila siku ilikuwa ya kutembea asubuhi, kulala kidogo kivulini, na kufika mapema. Kisha akawapigia simu wakulima wanaolaza wageni, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimwambia: watoto hawa hawali nguruwe, wapeni mahali penye mlango unaofungika, hata kama ni ghala la nyasi, wala msiwaulize maswali. Yeye mwenyewe miguu ilishamshinda. Kidole chake kilipofika pale kwenye ramani malisho yanapokutana na anga, kilikaa hapo muda mrefu.

Shaame akamweleza mkewe mpango wote akiwa nje ya mlango. Lakini njia haitembeleki kwa ndala, na Saumu alikuja na ndala. Shaame alikwenda kumwomba Nurhan buti, akaeleza aibu yake yote kwa kigugumizi. Nurhan alifunga duka mchana mweupe, akaenda mwenyewe kugonga ule mlango.

"Asalaam alaykum," alisema.

Salamu ile Saumu aliielewa. Mlango ukafunguka kidogo.

Nurhan aliingia akavua buti zake mwenyewe alizokuwa amevaa, akapiga magoti, akamvalisha Saumu. Zilikuwa kubwa. Akazirudisha dukani, akatia ngozi laini ndani, akaziba kisigino. Kisha kila alasiri alikuja akatembea na Saumu humo humo chumbani, kutoka kitandani mpaka dirishani, mpaka buti zikamzoea. Hawakuwa na lugha moja, lakini Saumu alipojikwaa kwenye zulia, wote wawili walicheka mpaka Shaame akasimama huko jikoni kusikiliza. Hakuwa amewahi kuisikia sauti hiyo.

Ikafika asubuhi ya safari. Mikoba iko tayari, mkate umefungwa, buti zimefungwa kamba. Saumu akakaa kitandani, hatoki.

"Siwezi," alisema nyuma ya mlango. "Fungate mtu anakaa ndani. Bi harusi gani anatembezwa mashambani kama mchunga mbuzi? Tena nalazwa ghalani kwenye nyasi! Nani amenitoa mimi?"

Shaame akampigia simu Shangazi Mkasi, akausukuma ule mlango kidogo, akaitelezesha simu sakafuni.

"Saumu! Mumeo analala wapi?"

"Jikoni, shangazi. Kitini."

"Na weye?"

"Namngoja somo."

Shangazi Mkasi alicheka. "Somo atoke wapi huko, mwanangu? Mti wa matufaha ndio utakaokushika mkono? Sikiliza. Fungate ni siku za watu wawili kuzoeana. Ukuta ni wa kusitiri tu. Msitu nao unasitiri. Nyasini laleni, kwani sisi magodoro yetu ya zamani yalijaa nini? Shaame! Simama mlangoni, nyosha mkono. Saumu, umeuona?"

"Nimeuona."

"Sina mkono wa kufika huko, lakini nina neno. Nakutoa mimi, Mkasi, dada wa baba yako. Shika huo mkono, utoke."

Saumu akaushika. Ulikuwa na unga kwenye kucha.

Wakaenda. Siku ya kwanza walitembea mmoja mbele, mmoja nyuma. Siku ya pili mvua iliwakimbiza chini ya msonobari, wakala mkate mmoja kwa kumegeana. Siku ya tatu, ghalani, katika harufu ya majani makavu, Shaame aliuliza gizani, "Ulikuwa unasikia nikigonga?"

"Kila siku," Saumu alisema. "Ulikuwa unaondoka upesi mno."

Waliporudi walikuwa wamebabuka pua, wanabishana nani aliyepotea njia. Habari za kurudi Pangani hazikutajwa tena. Ndipo Saumu akawaita wote jikoni, akatandaza doti mezani, akaeleza alivyoagizwa na mama yake.

"Basi nifungie uitume huku," alisema Shangazi Mkasi. "Nani alikutoa ndani? Watu walikuchorea njia, wakakuvisha buti, na bado ulikuwa umekaa kitandani!"

Shaame akatafsiri. Nurhan akaweka mikono kiunoni. "Mwambie shangazi, mlango huo niliufungua mimi kwanza. Na neno halina soli. Wangeishia kwenye daraja, mguu mmoja malengelenge, mwingine damu."

Bibi Hedwig alikuwa akiipapasa kanga pembeni, taratibu. "Wangetoka, wangevaa," alisema. "Wakaenda wapi? Wakarudi kukaa jikoni?"

"Mwanamume wewe mbona umenyamaza?" Shangazi akamrukia Shaame.

"Mimi mkalimani tu, shangazi. Msinitie."

Wakacheka, lakini Saumu hakucheka. Alimtazama Shangazi Mkasi, damu yake, ambaye siku ya uchungu wa kuzaa hataweza hata kumfuta jasho. Alimtazama Nurhan, aliye karibu na mwenye nguvu, lakini kila mwaka husema atarudi kwao. Alimtazama Bibi Hedwig, aliyekuwapo kila siku na ambaye hakuna anayebisha hodi kwake, lakini ni mzee. Kila mmoja alikuwa amemtoa. Angepungua mmoja, yeye angekuwa bado dirishani na kondoo.

Doti ni moja, na somo ni mmoja. Je, wewe uliyesikiliza ungemvalisha nani?

Saumu alimchagua mmoja wao kabla ya magharibi, na Jumatatu Shaame akarudi kuoka mikate.