Mkanda Uliopita Vizuizi Tisa

Wapendwa, ilikuwako parokia moja katika nchi yenye vita. Kanisa liliwaletea akina mama mashine ya kusaga mahindi, wapumzike na kinu. Waasi walipokaribia, akina mama wakaifungua vipande vipande. Injini wakaifukia chini ya banda la nguruwe, vingine wakagawana na kamati ya mashine: huyu chujio, yule mkanda wa kuzungusha gurudumu, mwingine nati, kila mtu na chake. Wakakimbia.

Baada ya miaka miwili amani ikarudi, na mkaguzi wa miradi naye akaja. Amani ilikuja kwa miguu, mkaguzi kwa gari. Fomu yake ilikuwa na visanduku vitatu: nzima, mbovu, haipo.

"Mashine iko wapi?"

"Iko kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Kwetu sote, baba."

Kisanduku hicho hakikuwepo. Akawapa hadi saa kumi: isiponguruma, anaandika "haipo", mradi unafungwa, na akina mama wanarudi kwenye kinu.

Vipande vikaja. Chujio kilitolewa kwenye dirisha la banda la kuku. Mkanda tu haukuonekana. Alikuwa nao nani? Mjane mmoja mzaliwa wa ng'ambo ya mto, walikotoka waasi waliochoma nyumba.

"Si nilisema!" akafoka katibu wa kamati. "Kashauuza huyo. Watu wake tunawajua."

Saa kumi kasoro dakika tano, mkaguzi akatoa kalamu. Ndipo mjane akatokea, vumbi hadi magotini, mkanda kiunoni.

"Dada, umepitaje nao?"

"Vizuizi tisa vya askari barabarani! Kila kimoja, 'Mama, mkanda huu wa nini?' Nawaambia, 'Nimezaa saba, wanangu. Nikiufungua, tumbo litawaangukia.' Wananipisha mbio."

Hata mkaguzi alicheka. Wakaufunga mkanda, lakini gurudumu likacheza: nati moja haipo. Wote wakageuka kumtazama nani? Mjane! Katibu akatia mkono kwenye koti lake la Jumapili, atoe leso afute jasho. Ikatoka nati.

Mashine ikanguruma. Mkaguzi akaandika "nzima", akashusha pumzi kuliko wote, maana "haipo" ina fomu nyingine kumi na mbili.

Na sisi je? Misaada tunaipokea kwa malori, tunaipigia mihuri, lakini imelindwa na viuno vya watu tuliokwisha kuwahukumu. Ni nani hapa hana mtu wake wa ng'ambo? Ndugu yangu, kabla hujauliza mkanda uko wapi, tia kwanza mkono mfukoni mwako.