Kibanio Kilichobaki Kitambaani

"Kilichobaki kitambaani huulizwa njiani." Ndivyo mjomba wenu alivyomwambia Elifuraha jana tulipokuwa tukichambua mchele wa harusi yake, naye Elifuraha akainuka akatoka nje kama mtu aliyemwagiwa maji. Ninyi mkacheka, mkaulizana ni kitambaa gani hicho na nani anayeuliza. Sogeeni basi, msikanyage ungo wangu. Chimbuko la methali hiyo ni hili.

Zamani, barabara ya kupandia huku kwetu Upareni ilipokuwa bado ya udongo mwekundu mtupu, kulikuwa na fundi aliyeitwa Eliamini. Alitengeneza baiskeli, taa, cherehani, hata redio akibembelezwa. Alikuwa mtu mwema, msimdharau kabla sijamaliza. Ila alipenda kutazamwa akifanya kazi, na alipenda zaidi kusifiwa.

Alikuwa na desturi moja aliyofundishwa na bwana wake kule Moshi. Kabla ya kufungua kitu chochote alitandaza kitambaa cheupe chini. Kinachotoka kwanza kililazwa kushoto, kinachofuata kando yake, hivyo hivyo mpaka cha mwisho kulia. Wakati wa kurudisha alianzia kulia. Akimaliza, alishika kitambaa kwa ncha mbili na kukikung'uta mbele ya mwenye mali, ili aone kwamba hakuna kilichoanguka. Watu waliupenda mkung'uto ule kuliko kazi yenyewe. Mtu akisikia kitambaa kimelia, alijua chombo chake kimepona.

Sasa, binti yake Eliamini, Nanzia, alichumbiwa na kijana wa kijiji cha chini, mjukuu wa Mzee Senkondo. Mzee huyo alikuwa na pikipiki ya zamani sana, tangi lake jeusi lenye mstari wa dhahabu, taa ya mbele kubwa kama sufuria, na kiti cha ngozi kilichokalia springi. Siku ya harusi yake alimpakia mkewe juu ya pikipiki ile mpaka kanisani kwetu huku juu. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki, na pikipiki ilikuwa imelala bandani pamoja na mbuzi. Mzee alisema hana zawadi nyingine ya kumpa mjukuu wake: bibi harusi aanzie kwao kule chini, apande mlima kwa pikipiki ile, kama bibi yao alivyopanda.

Lakini ilipigwa kiki mpaka mguu ukachoka, isiwake. Eliamini aliposikia alisema hakuna haja ya kutafuta fundi wa mbali wakati mkwe yupo. Wakaisukuma vijana mpaka uani kwake.

Mimi si fundi, lakini nilikuwapo, nilikuwa nakoboa mahindi ya makande na mama yake Nanzia. Ugonjwa ulikuwa kwenye kabureta. Kabureta ni kama koo la pikipiki, humo ndimo petroli na hewa hukutana kabla ya kwenda kuungua. Ile ilikuwa imekaa miaka mingi hata petroli imegeuka utomvu wa kahawia. Eliamini aliilowesha, akaisugua, akazibua vitundu vyake kwa unywele wa mkia wa ng'ombe, maana alisema waya ungevitanua. Akakata gasketi mpya, ile ya kuziba viungo visivuje, kwa karatasi nzito aliyoipaka mafuta. Akaziba boya lililotoboka, lile linaloelea juu ya petroli. Kazi nzuri kabisa.

Ndani ya kabureta ile mlikuwa na sindano ndefu, nyembamba. Dereva akivuta mafuta, sindano hupanda na petroli hupita kwa wingi. Kinachoishika sindano ile ipande ni kibanio kidogo, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Bila kibanio, sindano hubaki chini imeziba njia.

Eliamini alipokuwa katikati ya kurudisha vitu, wakwe wakaingia uani. Akanyanyuka, akanawa, akasalimia kila mmoja kwa heshima yake. Mtu akasogeza kitambaa kivulini ili wageni wapite. Eliamini aliporudi akawa anafanya kazi huku anawaeleza wakwe jina la kila kitu, nao wanaitikia na kushangaa. Akafunga skrubu ya mwisho. Akapiga kiki. Pikipiki ikawaka, ikanguruma taratibu, na Mzee Senkondo akajifuta machozi bila kujificha.

Hapo Eliamini akainama kushika kitambaa chake akikung'ute. Kwenye mkunjo akakiona kibanio.

Hakukikung'uta. Alikikunja kitambaa polepole, mara moja, mara ya pili, akakitia mfukoni. Mkewe aliona. Wageni walipoondoka alimwuliza mbona leo hukukung'uta. Akajibu kwamba kitambaa cha kazi ya wakwe hakikung'utwi mbele ya watu, ni utovu wa adabu. Desturi hiyo tuliisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Pikipiki ilirudi kwao bila shida kwa sababu njia ni mteremko, mzee hakuhitaji kuvuta mafuta. Eliamini akajipa moyo. Alijiambia wazungu hupenda kuweka vidude vya ziada. Kisha alijiambia atakwenda kesho akirudishe. Kesho ikawa na kazi, na kesho yake ikawa na mvua. Asubuhi ya harusi alidamka, akateremka na bisibisi na kitambaa chake ndani ya koti, akitumaini kuifungua pikipiki kwa siri. Akakuta wazee wameizunguka wanaifunga maua. Akawasaidia kufunga maua.

Mzee Senkondo aliendesha mwenyewe, kofia kichwani. Nanzia, aliyeteremka nasi asubuhi ile, alikaa nyuma kwa upande, shela amelikunja mapajani lisinaswe na gurudumu. Sisi wanawake tulitembea kando tukiimba, wanaume wakafuata nyuma, bwana harusi akisubiri kanisani. Kwenye tambarare mambo yalikuwa mazuri. Tulipofika kwenye jiwe jeupe, pale mlima unapoanza, mzee akavuta mafuta. Pikipiki ikakohoa, ikazimika.

Akaiwasha tena. Ikanguruma vizuri kabisa, akivuta inakufa, kama mtu anayekubali kila unalosema mpaka umwambie abebe mzigo. Mawifi wakatunga wimbo papo hapo, kwamba farasi wa babu ana njaa, mpeni majani. Watu wakacheka, hata Nanzia alicheka. Mara iliyofuata mzee alivuta kwa nguvu, pikipiki ikazimika na kurudi nyuma, Nanzia akaruka ili asianguke nayo, na gauni lake jeupe likazama kwenye tope jekundu mpaka magotini.

Wimbo ukakatika.

Mzee Senkondo akaiegemeza pikipiki kwenye jiwe. Akavua kofia, akapita katikati yetu mpaka aliposimama Eliamini.

"Mkwe, nisamehe," alisema. "Wewe uliitengeneza vizuri, wote tuliona. Ni mimi niliyeng'ang'ania kumpakia binti yako kwenye chuma kilichokufa. Nimemchafua mbele ya watu. Baada ya leo nitaitupa bondeni."

Eliamini akatazama viatu vyake. Mkewe akamsogelea.

"Baba Nanzia," alisema kwa sauti ya chini, "mzee anakuomba msamaha. Utaupokea?"

Eliamini akatia mkono mfukoni. Akakitoa kitambaa, akapiga magoti, akakitandaza pale pale barabarani. Tope likapenya likakipaka wekundu, na katikati kikaonekana kile kibanio.

"Pikipiki yako haina kosa, mkwe," alisema. "Hiki kilibaki kitambaani. Nilikiona siku ile ile. Niliona haya kufungua tena mbele yenu."

Mzee akainama, akakiokota kwa kucha.

"Kidude hiki?"

"Hicho hicho."

Mzee akakigeuzageuza. "Ungeona haya kidogo kule uani," alisema, "usingeona haya yote haya hapa." Hakusema kwa ukali, na nadhani Eliamini angependa asemewe kwa ukali.

Nanzia alikuwa amesimama, viatu mkononi. Alimtazama baba yake, kisha gauni lake. "Kilibaki kitambaani," alisema, "kimeulizwa njiani."

Hakuna aliyepiga kigelegele.

Eliamini akaanza kuifungua kabureta akiwa ndani ya suti yake ya harusi, magoti yake topeni. Kibanio kikamponyoka, akakidaka kwa bahati. Kitambaa chake kilikuwa tope tupu, hakifai tena. Basi Nanzia akachuchumaa mbele yake, akalitandaza shela lake chini ya mikono ya baba yake, ili kitakachoanguka kisipotee. Vitu vikatoka, vikalazwa kushoto kwenda kulia juu ya shela. Vikarudi kulia kwenda kushoto. Eliamini akafunga skrubu ya mwisho na kubaki ameinamisha kichwa.

Nanzia akasimama. Akashika shela kwa ncha mbili, akalikung'uta mbele ya Mzee Senkondo. Hakikuanguka kitu.

Pikipiki ilipanda mlima ule bila kukohoa, bibi harusi amekaa nyuma na tope lake, na huko juu kengele zikapigwa. Lakini Eliamini hakukaa kwenye meza ya wakwe. Alikula amesimama, nyuma pamoja na wapishi, na Mzee Senkondo alipomletea sahani ya nyama kwa mkono wake mwenyewe aliipokea bila kuinua macho. Mama Nanzia alikifua kitambaa kile kwa sabuni na kwa majivu, wekundu haukutoka. Eliamini aliendelea kukitumia hivyo hivyo mpaka uzeeni. Wateja wageni walimwuliza mbona fundi mzuri kama wewe una kitambaa kichafu, naye aliwaeleza kisa chote, kila mara, na kila mara sauti yake ilishuka akifika kwenye jiwe jeupe.

Elifuraha, nakuona umesimama mlangoni tangu mwanzo. Mjomba wako hakutaja ni jambo gani hujamwambia mchumba wako, na mimi sikuulizi. Mpisheni, watoto, ana safari, na kwa kina mchumba wake si mbali. Afadhali gauni bado liko sandukuni.

Ndiyo maana tunasema, kilichobaki kitambaani huulizwa njiani.