Kenge Aliyeangalia Rangi Tu

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wakati hata nyoka alikuwa na jiko lake, mvua iligoma kunyesha. Likabaki dimbwi moja tu, nalo Kenge akalikalia, mnene yule, na mkia wake wa kuchapia watu.

Jirani yake alikuwa Mjusi Zawena, wa kijani kama kisamvu.

"Kijani sitaki hapa," Kenge alimwambia. "Ukirudi, utasalimiwa na mkia."

Zawena akarudi nyumbani na kibuyu kitupu. Wanawe watatu walikuwa wamelala kivulini, ndimi zimekauka. Alilia, siwafichi. Kisha akapangusa machozi, akatimka, mbio mbio, mpaka mlimani kwa binamu yake Shani. Mijusi wa huko ni wa buluu.

Kesho yake asubuhi Shani akabisha hodi dimbwini. Nanyi mnajua, mgeni hupewa maji kwanza, ndipo aulizwe habari. Kenge akampa, huku akiangalia kama majirani, Nungunungu akiwamo, wanamwona.

"Haya, mgeni, habari za utokako?"

"Njema, bwana. Kwetu mlimani wanasema Kenge ni mkarimu. Nimekuja kuhakikisha, nikirudi niwasimulie."

Kenge akavimba kwa furaha. "Kunywa leo, kunywa na kesho."

"Mimi peke yangu? Kwetu mkarimu humpa mgeni pamoja na ukoo wake. Lakini pengine wewe huwezi."

"Nani hawezi? Nungunungu, uwe shahidi. Huyu na ukoo wake wote watakunywa hapa siku zote. Nikivunja neno langu, nihame mimi."

"Ukoo wetu ni mkubwa, bwana."

"Walete."

Shani akapiga mluzi, fyuu! Nyuma ya mawe akatoka mjusi wa manjano, wa kule kwenye mchanga. Akatoka wa kahawia, wa kule kwenye udongo mwekundu. Mwisho akatoka Zawena na wanawe.

Kenge akainua mkia. "Huyo kijani si wa ukoo wenu."

"Tazama shingo zetu, bwana," alisema Zawena. "Sote tuna pete mbili nyeusi. Rangi tunapewa na mahali tunapoishi, pete tumezaliwa nazo."

Nungunungu akawapanga mstari, akakagua shingo moja moja. Mbili. Mbili. Mbili. Hata kitinda mimba wa Zawena, aliyekuwa mdogo kama kidole, alikuwa nazo mbili.

"Mzee Kenge," alisema Nungunungu, "timiza neno lako au funga mizigo."

Mkia ukashuka taratibu. Watoto wa Zawena wakaingia majini hadi kidevuni, gugu gugu gugu, wakanywa mbele ya pua ya Kenge. Mama yao alicheka mpaka akakaa chini.

Nami naishia hapo, watoto wangu: anayewapima wenzake kwa rangi hunaswa na ulimi wake mwenyewe.