Karatasi ya Arobaini

Bwana asifiwe. Najua mmechoka. Ni wiki ya majaribio, nusu yenu mmekuja na madaftari, na yuko mmoja pale katikati amesinzia tangu sala ya kwanza. Msimwamshe. Mimi pia nimechoka, kwa hiyo sitahubiri sana. Nitawapa mfano, halafu nitagomba kidogo, halafu tukae.

Kulikuwa na msichana mmoja wa mwaka wa tatu, anasomea saikolojia. Alikuwa katika ushirika wa wanafunzi kama huu wetu, wenye mabenchi kama haya haya. Mnajua maisha ya mtu anayesomea saikolojia? Nyumbani shangazi anamuuliza, "Kwa hiyo ukimaliza ndio utakuwa unakaa na vichaa?" Kwenye kwaya nako wanamwita: "Dada Saikolojia, hebu nisome uso, nawaza nini?" Naye anajibu, "Unawaza wali wa kantini." Watu wanacheka. Halafu yule yule aliyecheka anamvuta pembeni. "Dada, una dakika mbili?"

Dakika mbili za mtu mwenye shida mnazijua. Huyu kaachwa na mchumba, yule baba yake amerudia pombe, mwingine hajui kwa nini huwa analia akiwa anafua. Dada aliwasikiliza wote kwenye ngazi za nje ya ukumbi, begi likiwa mgongoni, maana kila mara walimkuta ndiyo anaondoka.

Sasa mwaka wa tatu kuna utafiti. Bila utafiti, humalizi shahada. Yeye akachagua uchovu: wanafunzi wamechoka kiasi gani, na wanamwambia nani? Akatunga dodoso la maswali ishirini. Unaweka alama ya vema kwenye kisanduku, huandiki jina. Akachapa nakala arobaini, akawagawia wenzake wa ushirika. Msimamizi wake, mama mmoja mhadhiri mwenye miwani mikubwa na masikio yasiyopokea visingizio, alikuwa amemwambia: arobaini, si pungufu.

Zikarudi thelathini na tisa. Moja ilikuwa kwa mwenyekiti wa ushirika.

"Mwenyekiti, ile karatasi yangu?"

"Ah, dada yangu! Ipo kwenye Biblia. Jumapili nakuletea."

Jumapili: "Unajua nimebadilisha Biblia?"

Jumapili iliyofuata: "Karatasi ipo, usijali. Lakini si umeshakaa? Kuna jambo linanisumbua, hebu nisikilize kidogo." Akamsikiliza saa nzima. Karatasi hakupewa.

Siku ya kukabidhi, mchana, dada akaingia maktaba na nakala nyingine tupu aliyoichapa. Akajisemea, ngoja nijaze hii moja mwenyewe, nani atajua? Alikusudia kuweka alama ovyo ovyo. Swali la kwanza: unalala ukapumzika? Akaweka alama: hapana. Unakula kwa hamu? Hapana. Kuna siku unaona afadhali kusingekucha? Mara nyingi. La mwisho: ukilemewa, yuko mtu unayemwambia? Hakuna. Maswali ishirini kwa dakika tatu. Na muda wote huo alidhani anabuni.

Kesho yake msimamizi akamwita ofisini. Karatasi zote alikuwa amezisukuma pembeni, moja tu imebaki katikati ya meza.

"Huyu ni nani?"

"Dodoso halina jina, mwalimu."

"Najua halina jina, mimi ndiye niliyekufundisha. Sikuulizi habari za takwimu. Huyu ni mtu, na hali yake si nzuri. Mtafute. Ijumaa uje naye hapa, hata kama hatasema neno."

Angefanya nini? Jumatano kwenye ibada akasimama mbele, akasoma majibu yale, moja baada ya jingine, yote ishirini. Akasema, "Nimetumwa nimtafute aliyejaza karatasi hii. Yuko humu ndani."

Mnafikiri walimtazama nani? Waligeuka nyuma! Shingo zote zikaelekea benchi la mwisho, kwa wale wa mwaka wa kwanza. Mtu akanong'ona, "Atakuwa yule mrefu, yule hasalimiagi." Mwenyekiti akasimama na huzuni yake, akaomba sala ndefu, nzuri, wengine wakatokwa na machozi. Wakamlilia mtu wasiyemjua. Alipomaliza, akamshika dada begani.

"Sasa dada, hii kazi ni yako. Sisi wengine hatujasomea mambo haya. Nenda kamtafute, umkalishe, na tafadhali usimwache peke yake."

Mmesikia? Walimtuma akajitafute.

Na alipotoka, kwenye ngazi kulikuwa na mtu anamsubiri. "Dada, una dakika mbili?"

Ijumaa akaenda ofisini. Mhadhiri akatazama nyuma yake, mlangoni. Hakukuwa na mtu.

"Nilikwambia uje naye."

"Nimekuja naye, mwalimu."

Mama yule akavua miwani.

"Nilijaza mwenyewe ili zitimie arobaini. Nisamehe, nimeharibu utafiti."

"Utafiti utakwenda na thelathini na tisa." Mama akainuka, akafunga mlango, akavuta kiti chake akakileta upande ule ule wa binti. "Kaa. Na hilo begi, liweke chini."

Mfano umeisha. Sasa nigombe.

Mhadhiri alikuwa na karatasi isiyo na jina, akamwona mtu. Sisi watu wa ushirika tulikuwa na uso wake miaka mitatu, tukaona huduma tu. Hivi ni nani alitudanganya kwamba anayesomea uchovu hachoki? Daktari wa meno haumwi jino? Kila ushirika una mtu wa namna hii, na wala si lazima awe wa saikolojia. Ni yule anayepanga viti. Ni yule anayekumbuka nani anaumwa. Tunamwita "nguvu yetu", tunampigia makofi, halafu tunampa kingine abebe. Na tukisikia kwamba miongoni mwetu kuna mtu ameelemewa, shingo zetu zinageuka nyuma haraka sana, kwa sababu yule wa nyuma hatumtegemei kwa lolote. Tukimwona huyu wa mbele kwamba amechoka, nani atatusikiliza sisi?

Msiniambie mtamwombea. Mwombeeni, lakini yule mwenyekiti naye aliomba, na aliomba vizuri, na bado alikuwa na karatasi ya watu kwenye Biblia yake.

Kwa hiyo leo hatufungi kwa wimbo. Kila mmoja wetu anamjua mtu wake wa dakika mbili. Amkalie karibu sasa hivi, amuulize hali. Atasema, "Niko poa." Wote husema hivyo. Usiinuke. Muulize tena, halafu nyamaza, na shida zako zisubiri zamu.

Mimi nashuka. Miguu inaniuma. Nisogezeeni hapo kwenye benchi, nikae.